Siku tatu Berlin baada ya maonesho ya utalii: naombeni mnikatie orodha

Landrova_ya_Karatu

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Mimi ni muongoza watalii, kwetu Karatu, kazini Arusha. Mkate wangu ni kuwapangia watu safari: leo Tarangire, kesho kreta, keshokutwa Serengeti, chakula cha boksi tutakula wapi, choo kiko wapi. Sasa zamu yangu ya kuwa mgeni imefika na nimekwama. Kampuni inanipeleka Berlin mwezi wa tatu kwenye maonesho ya utalii ya ITB. Maonesho yanaisha Alhamisi, ndege ya kurudi ni Jumatatu mchana, na bosi kasema hapo katikati nifanye nitakavyo. Viza ninayo, bima ninayo. Kwa usiku wa hizo siku za mwisho nimeshalipia kitanda cha hosteli karibu na Alexanderplatz, maana hoteli wiki ya maonesho bei zake hazisemeki.

Nimekaa na ramani, orodha imefika vitu ishirini na kitu. Mnara wa televisheni, Ukuta, Bunge, Lango la Brandenburg, makumbusho ya Pergamon, sanamu ya malkia Nefertiti, mji wa jirani wa Potsdam, Checkpoint Charlie kwenye mpaka wa zamani, soko la mitumba, na bado naongeza. Mgeni akiniletea orodha ya hivyo ya kwetu huwa namwambia kwa adabu kwamba huyo anataka kuona barabara, wanyama hawataki. Kwa hiyo naombeni mnikatie. Kipi cha lazima, kipi cha kupiga picha na kuondoka, kipi niwaachie wengine?

Hali yangu: bajeti euro 150 kwa siku zote tatu, bila malazi. Kutembea si tatizo. Nguruwe situmii. Baridi naiogopa kidogo, ingawa Karatu nako si Dar. Na nataka angalau kitu kimoja cha kuwasimulia wageni wangu wa Kijerumani, kwa sababu wakishakaa kwenye gari swali la pili ni kama nimewahi kufika kwao, na wakijua nimefika watanihoji mpaka Manyara.

Mpemba_wa_Tanga

Hongera mkuu. Siku tatu ni nyingi hizo. Ijumaa maliza Berlin yote, Jumamosi panda treni ya alfajiri uende Prague, mwendo wa saa nne na kidogo umefika, lala huko, Jumapili jioni urudi. Viza ni hiyo hiyo ya Schengen. Mtu hapati Ulaya kila mwaka akatoka na nchi moja.

Shangazi_wa_Seestrasse

Huyo wa Prague mwache apumzike kwanza.

Marahaba mwanangu. Mie mtu wa Lindi, Berlin niliingia zamani kabla uwanja mpya wa ndege haujafunguliwa, naishi mtaa wa Wedding, kazi yangu jikoni hospitalini, na wageni kutoka nyumbani ndio shughuli yangu ya wikiendi. Kila mmoja anashuka na orodha kama yako. Sikiliza: Berlin ni pana, na ilikuwa miji miwili. Kila upande ulikuwa na katikati yake, bustani yake ya wanyama, jumba lake la opera. Hakuna mahali pa kusimama ukaona vyote. Anayepanga kwa orodha anashinda chini ya ardhi akibadilisha treni. Wewe panga kwa mstari. Siku moja mstari mmoja: unashuka, unatembea, unapanda tena huo huo. Kwako naona treni ya chini ya ardhi U8 Ijumaa, U6 Jumamosi, na Jumapili basi nambari 100.

Ijumaa. U8 inapita hapo hapo Alexanderplatz unapolala. Panda ya kwenda Wittenau, shuka Bernauer Straße. Huo ndio Ukuta wa kuangalia. Walianza kuuziba mji kwa seng'enge usiku wa kuamkia 13 Agosti 1961, ukafunguka 9 Novemba 1989, na hapo wameacha kipande kizima: ukuta wa mbele, ukanda uliokuwa wazi katikati, mnara wa walinzi, ukuta wa nyuma. Panda juu ya jengo la kumbukumbu uone vyote kwa pamoja. Ni bure. Mtaa ule nyumba zilikuwa za Mashariki na njia ya miguu mbele ya mlango ilikuwa ya Magharibi, kwa hiyo watu wakaruka madirishani. Hiyo watakusimulia wenyewe kwenye mabango.

Mie napenda kumpeleka mtu kwenye kikanisa kidogo cha mviringo kilichomo ndani ya ule ukanda. Zamani palikuwa na kanisa kubwa la matofali, mpaka ukalimeza, likakaa bila waumini, na mwaka 1985 serikali ya Mashariki ikalilipua. Mwaka 2000 wakazindua jipya la udongo wa kushindilia. Udongo, mwanangu, katikati ya Berlin. Sogea mpaka pua iguse ukuta: utaona vipande vya matofali na vigae vya lile kanisa lililolipuliwa, wamevichanganya humo humo. Sie tuliokulia nyumba za udongo tunajua kuusoma ukuta wa namna ile. Wengine wanachungulia mlangoni na kuondoka.

Ukitoka hapo usipande kitu. Teremka na Brunnenstraße kwa miguu, kama robo saa, mpaka nambari 193 karibu na Rosenthaler Platz, kisha angalia chini. Kuna kijiwe cha shaba, ukubwa wa kiganja, kimepachikwa kwenye njia ya miguu mbele ya jengo. Ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye huku wanamwandika Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904. Vita ya kwanza aliwatumikia Wajerumani akiwa askari mtoto, yeye na baba yake, na mwaka 1929 akaja Berlin kudai mshahara ambao hawakulipwa. Wakamnyima. Akabaki, akawa mhudumu kwenye jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akapata nafasi ndogondogo kwenye filamu. Mwaka 1941 Wanazi wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kizungu, bila kesi wala hukumu. Akafia kambi yao ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Hapo hakuna kiingilio, hakuna foleni, watu wanapita juu yake na mifuko ya madukani. Mimi hubeba kitambaa nikakifuta, na kila mgeni wangu namkabidhi kitambaa naye afute.

Mchana rudi U8, safari hii kusini, shuka Schönleinstraße uingie soko la Maybachufer kando ya mfereji. Liko Jumanne na Ijumaa, ndiyo maana nimekuwekea siku hiyo. Waturuki wametawala: zeituni, jibini, viungo, vitambaa vya mita, na chapati nyembamba za mchicha zinazochomwa mbele yako. Jua likianza kushuka wauzaji wanapaza sauti kumaliza matunda, na bei inaporomoka. Kama miguu bado iko, nenda mpaka Kottbusser Tor, panda U1 hadi Warschauer Straße, uone East Side Gallery, ule Ukuta wenye michoro, zaidi ya mita 1,300, waliouchora wasanii wa nchi mbalimbali mwaka 1990. Hiyo ndiyo ya kupiga picha na kuondoka. Uwahi lakini, mwanzoni mwa mwezi wa tatu jua linazama kama saa kumi na mbili jioni.

Jumamosi, na hapa sisikilizi mtu. Kutoka Alexanderplatz panda U5 mpaka Unter den Linden, badilisha U6 kwenda kaskazini, shuka Naturkundemuseum. Wikiendi wanafungua saa nne asubuhi. Nunua tiketi mtandaoni kabla, uwe mlangoni saa nne kasoro, kwa sababu ikifika saa tano familia zote za mji zimeshaingia na vigari vya watoto. Ukumbi mkubwa wa mbele, chini ya paa la kioo, ndipo alipo: Giraffatitan brancai, mita 13.27 kwenda juu, kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani. Ametoka Tendaguru, Lindi.

Nenda usimame chini ya mguu wake wa mbele. Mfupa mmoja tu, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, una mita 2 na ushee. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa uangalie anavyosimama: mbele juu, nyuma chini, mgongo unateremka. Wewe unayeshinda na twiga utaliona hilo kabla hujasoma bango, na ndilo jina lake lenyewe. Pembeni yupo Kentrosaurus, mfupi, mgongo na mkia umejaa miiba. Naye ni mtu wa kwetu, Tendaguru hiyo hiyo. Yule mrefu mwembamba wa ubavuni, Diplodocus, ni nakala ya plasta kutoka Marekani, usimmalizie betri. Kuna na darubini za kuchungulia: mifupa inavaa nyama na ngozi, inaanza kutembea. Watoto wanazigombania, panga foleni nao bila haya.

Historia yake uje nayo kichwani. Walichimba 1909 hadi 1913. Majimaji imeisha 1907, kusini njaa imeshaua watu kuliko risasi, na hapo ndipo watu wetu kwa mamia wanaajiriwa kufukua mifupa ya miaka milioni 150. Walichimba wao, wakasafisha wao, wakafungia mizigo kwa mianzi, wakabeba vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. Majina yaliyozoeleka ni Werner Janensch na Edwin Hennig, wanasayansi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Huyo ndiye wa kuwatajia wageni wako wa Kijerumani, uone wangapi wanamjua. Bibi yangu alikuwa akitaja mifupa ya Tendaguru, sie watoto tukadhani ni zimwi la kututisha tulale.

Ukitoka makumbusho panda U6 ile ile uendelee kaskazini, shuka Rehberge. Ni mtaa wa watu wa kawaida, maghorofa ya kupanga, bustani za mboga. Soma vibao: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Togostraße. Mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alitaka kujenga huko bustani ya kuonesha wanyama na watu wa makoloni. Watu, nimesema. Akafa 1913, vita ikaja, bustani haikujengwa, majina yakabaki. Barabara iliyopita katikati ilikuwa Petersallee, ya Carl Peters, yule wazee wetu waliyemwita Mkono wa Damu. Wakazi na wanaharakati waliidai miaka na miaka, na Agosti 2024 ikabadilishwa: kipande kimoja Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke wa Namibia, kipande kingine Maji-Maji-Allee. Piga picha chini ya kibao hicho. Kwangu ni karibu na hapo, niandikie faragha nikupikie wali wa nazi na samaki. Nazi ya kopo, usinilaumu.

Jumapili maduka yamefungwa, si Berlin tu, nchi nzima, kwa hiyo vya kununua nunua Jumamosi. Panda treni ya S mpaka Zoologischer Garten, angalia kanisa lenye mnara uliovunjwa na mabomu ya 1943, halafu ingia basi 100, ghorofa ya juu, kiti cha mbele ukikipata. Tiketi ni ile ile ya kawaida na linapita kote ambako mabasi ya watalii yanatoza fedha nyingi: nguzo ya ushindi, ikulu ya rais, Bunge, Lango la Brandenburg, Unter den Linden, mpaka nyumbani kwako Alexanderplatz. Shuka kwenye Lango, piga picha yako, kisha tembea kusini mpaka kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, vitalu 2,711 vya zege. Ingia katikati kabisa, ardhi inazama na vitalu vinakupita kimo. Usipande juu kupiga selfi kama ninavyowaona vijana.

Nyuma tu ya hapo kuna Wilhelmstraße. Nambari 92 utakuta bango mbele ya maghorofa ya kupanga. Ndipo lilipokuwa jumba la Bismarck, walipokaa kuanzia 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885 kupanga sheria za kugawana Afrika. Mataifa 14, Mwafrika hakuna hata mmoja. Jengo lenyewe halipo, kuna watu wameanika nguo kwenye roshani. Utatumia dakika tano, lakini mtu wa kwetu kufika Berlin bila kusimama pale mie sielewi.

Malizia na kuba la Bunge. Bure, ila unajiandikisha mtandaoni mapema. Omba saa kumi na moja jioni, upande njia ya kuzunguka ukiwa na mwanga na ushuke taa zimewaka. Ukishaona mji kutoka pale, mnara wa televisheni wa nini, zaidi ya euro 20 kwa mandhari ile ile?

Vya kufuta: Pergamon, imefungwa tangu Oktoba 2023, sehemu ya kwanza inasubiriwa 2027 na Lango la Ishtar mpaka 2037. Checkpoint Charlie, kibanda ni cha kuigiza na barabara imejaa maduka ya vikumbusho. Potsdam, pazuri, lakini panataka siku yake.

Kijana_wa_Adlershof

Shangazi amemaliza, mimi naongeza mambo ya tiketi maana hapo ndipo wageni wanapigwa.

Vituo vya Berlin havina mageti. Unaingia tu kama stendi, na mkaguzi yupo ndani ya treni kavaa jaketi la kawaida na kofia ya mpira. Ukinunua tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kile kisanduku kidogo cha jukwaani. Kwenye basi kisanduku kimo ndani. Tiketi usiyoigonga ni sawa na huna tiketi, faini euro 60, na kusema wewe mgeni hakusaidii. Ukinunua kwenye programu ya simu, soma vizuri inaanza saa ngapi. Saa zao ni za tarakimu 24, 14:00 ni saa nane mchana, usije ukachanganya na saa zetu kwenye Bunge wakakufungia nje.

Kanda: mji wote ni A na B. Uwanja wa ndege uko C, kwa hiyo kuja na kuondoka ni tiketi ya ABC. Siku za kuzunguka chukua tiketi ya saa 24 ya AB. Kwa bajeti yako ya 150: usafiri kama 40 pamoja na uwanja wa ndege, makumbusho 10 na ushee, chakula 25 kwa siku kinatosha kabisa ukila doner ya euro 7 au 8 mchana. Inabaki ya akiba na zawadi.

Beba na noti ndogo, vibanda vingi vya chakula bado havipendi kadi. Chupa ya plastiki ina rehani ya senti 25, usiitupe, irudishe kwenye mashine ya supamaketi. Na ile sehemu ya njia ya miguu yenye rangi nyekundunyekundu ni ya baiskeli. Ukisimama hapo kupiga picha utajifunza matusi ya Kijerumani bila mwalimu.

Kuhusu Husen: kama unataka kwenda Sachsenhausen kwenyewe, ni treni S1 mpaka Oranienburg, kanda C, kiingilio bure. Mimi ningebadilisha Jumapili yote kwa ajili hiyo.

Mluhya_Hamburg

Habari zenu ndugu. Mimi ni wa Kakamega, naendesha lori, Berlin naingia kila mara. Mpango wa shangazi ni mzuri lakini mhesabu vizuri: Ijumaa Ukuta, Jumamosi ukoloni, Jumapili Bismarck, na sasa mnamuongezea kambi. Huyu kijana amefanya kazi wiki nzima kwenye banda la maonesho, akisimama na kutabasamu. Mpeni raha kidogo!

Jumapili asubuhi kabla ya basi, nenda Mauerpark. Soko la mitumba, muziki, watu wamelala nyasini hata na baridi. Iko mwisho wa Bernauer Straße. Na kama unataka makumbusho moja ya vitu vya kale, chukua Neues Museum umuone Nefertiti. Walimfukua Amarna 1912. Amewekwa peke yake chumbani, kamera hairuhusiwi mle ndani, na hiyo ndiyo raha yenyewe, watu wanalazimika kuangalia kwa macho. Rangi ya shingo na ile kofia ya buluu ni kama zimepakwa juzi. Jicho la kushoto halina mboni.

Nguruwe: currywurst, ile soseji yao ya mchuzi, ya kawaida ni nguruwe, uliza kwanza. Kreuzberg na Neukölln huna wasiwasi, halali iko kila kona. Sonnenallee kuna Waarabu wa kila nchi, kuku wa kuchoma na mkate, utajiona uko nyumbani.

Landrova_ya_Karatu

Shangazi, shikamoo tena. Nimesoma nikacheka na nikanyamaza. Nilikuwa najua habari ya mjusi wa Tendaguru tangu shule ya msingi, ila huyo Boheti sijamsikia kwa mwalimu yeyote, na hapo nilisomea utalii chuoni.

Prague nimeifuta, samahani mkuu wa Tanga. Potsdam nimeifuta. Kaka wa Hamburg, Nefertiti naye amebaki, nitampa Jumamosi jioni kama wanakuwa wazi. Maswali yangu mawili: viatu, buti za mlimani nilizonazo zinafaa au nitaonekana kichekesho? Na la pili, nikiwa na wageni wa Kijerumani wakaniuliza maoni yangu, yule mjusi abaki au arudi, nijibuje bila kuwaharibia safari?

Mpemba_wa_Tanga

Swali la pili jibu ni moja tu mkuu: arudi. Mbona sanamu za shaba za Benin Wajerumani waliirudishia Nigeria umiliki 2022? Lindi wajenge jumba, watalii waje kusini, na wewe upate njia mpya ya kuuza.

Shangazi_wa_Seestrasse

Kuhusu Nefertiti: makumbusho mengi hapa yanafunga saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo Jumamosi utakuwa umechelewa kama umekuja kwangu kula. Mpeleke Jumapili saa nne asubuhi, kisiwa cha makumbusho unakifikia kwa miguu kutoka hosteli, halafu Zoo na basi 100. Mauerpark basi ipishe, au uipitie Ijumaa ukiwa Bernauer, bustani ipo ila soko halipo. Hamburg asikasirike.

Sachsenhausen mie simkatazi mtu, lakini si mahali pa kubana kati ya mambo mawili. Huyo kijana ana haki: ukienda, iwe siku nzima na usipange kitu jioni. Kama hujiwezi kwa hilo, kijiwe cha Brunnenstraße kinatosha kwa safari ya kwanza.

Buti za mlimani vaa, Berlin hakuna anayeangalia miguu ya mtu. Watu wanapanda treni na pijama. Ila soksi za sufi na kofia ya masikio, upepo wa pale Bernauer hauna kizuizi tena.

Swali la mjusi. Mie mtu wa Lindi, ningependa arudi, na nasema hivyo hata kazini. Lakini wewe uko kazini kwako, kwenye gari, na watu wamelipa. Waanzie na Boheti. Waambie nani alichimba, nani alibeba, mwaka gani, na kusini kulikuwa kumetokea nini miaka miwili kabla. Waambie rais wao Steinmeier alisimama Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa ajili ya Majimaji. Halafu wao ndio uwaulize abaki au arudi. Nimewahi kufanya hivyo na wenzangu jikoni, mjadala ulikwenda mpaka sahani zikapoa, na aliyetetea arudi kwa nguvu kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Kijerumani.

Kijana_wa_Adlershof

Hapo kwa Mpemba: kumrudisha si kazi ya kontena moja. Mifupa ya Tendaguru imejaa stoo, mingi bado inafanyiwa utafiti. Mimi nataka kwanza vijana wa Dar na Mtwara wapate nafasi za kuisoma hapa na huko. Lakini huo ni uzi mwingine, tusimvurugie mwenzetu safari.

Landrova_ya_Karatu

Nimejiandikisha Bunge, Jumapili 17:00, nimehesabu kwa vidole ni saa kumi na moja. Wametaka jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Nikienda na kopi ya pasipoti wanakubali? Ya asili naogopa kutembea nayo, niliambiwa Berlin kuna wezi wa mifukoni.

Shangazi_wa_Seestrasse

Ya asili, mwanangu. Wanakagua kama uwanja wa ndege, mkoba unapita kwenye mashine, na jina linalinganishwa na walilonalo. Ivae shingoni ndani ya sweta. Wezi wapo, hasa kwenye U8 na pale Warschauer Straße usiku, wanapenda simu iliyoko mfuko wa nyuma. Fika robo saa kabla. Na Jumatatu usisahau, tiketi ya uwanja wa ndege ni ABC, uigonge.

Samaki unapenda wa kukaanga au wa kupaka?

Landrova_ya_Karatu

Wa kupaka, shangazi. Nikuletee nini kutoka huku?

Shangazi_wa_Seestrasse

Dagaa wa Kigoma na pilipili kichaa walinipokonya watu wa forodha mara ya mwisho, usihangaike navyo. Niletee majani ya chai ya Mufindi na khanga moja, isiwe ya bluu.